Haidari Anautaka Uso Wake wa Zamani

Ukishaipita stendi ya Kibiti ukishika njia ya Ikwiriri, utakuta banda la kuziba pancha, na ubavuni mwa banda benchi refu la mbao lililong'aa kwa kukaliwa. Watu hupaita Kwa Pancha, ingawa wanaofika pale na tairi bovu ni wachache kuliko wanaofika na maneno. Baada ya sala ya alasiri Saidy huteleka birika la kahawa juu ya jiko lake la mkaa, kashata anazifunika kawa, vikombe vinaogelea ndoo moja, na mtu akishapokea cha kwanza amekwisha kujiandikisha kubishana mpaka adhana ya magharibi. Hapo hakuna lisilojulikana. Korosho itauzwaje wanajua kabla ya mnada, mvua itanyesha lini wanajua kabla ya mawingu, na wakikosea kosa ni la mvua. Siku hiyo mada ilikuwa imeletwa na gari jeupe lenye kipaza sauti, lililozunguka tangu asubuhi likitangaza kwamba wataalamu wa ngozi kutoka mjini wamefikia gesti ya kule juu, wana tiba ya seli shina, inafuta makunyanzi na kurudisha ujana, na kesho jioni wanaondoka.

Haidari alikaa mwisho wa benchi akijifanya tangazo halikumfikia. Wenzake walimwita Konda, kwa kuwa alining'inia mlango wa basi la Dar miaka mingi mpaka magoti yakamkatalia. Mwongo mkubwa siku hiyo alikuwa yeye, maana tangazo lilimfikia, likamwamsha, likamtia viatu miguuni, na mchana alikuwa amekwisha kukaa mbele ya hao wataalamu akiguswaguswa mashavu.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yake, Bi Sikudhani, hamjui tena. Wanaishi nyumba moja. Haidari anamkorogea uji, anamsogezea maji ya udhu, anamfunika khanga ya pili baridi ikiingia, na bibi anamshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru jirani mwema. Kisha anamwuliza:

— Mzee wangu, huko barabarani hukunionea mwanangu? Haidari. Kijana mweusi, uso laini, ana kishimo hapa shavuni akicheka.

— Mama, Haidari ndiye mimi.

Bibi humtazama. Huipitia mikunjo ya uso wake mmoja mmoja, bila haraka, halafu hutikisa kichwa kwa huruma.

— Mwanangu si mzee.

Kila siku hivyo. Haidari alikuwa na hamu ya kuitwa jina lake na mama yake, hamu ya kweli. Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote pale Kwa Pancha. Kumwambia Iddy jambo la moyoni ni sawa na kulipakia kwenye lile gari jeupe.

Na Iddy ndiye aliyeanza. Iddy ni fundi wa vitanda, ameoa mara nne, na kijiwe kilimbatiza Bwana Harusi.

— Konda, tumekuona unatoka gesti mchana kweupe. Tuseme au tunyamaze?

— Semeni. Mdomo wenu, umbea wenu.

— Anaoa huyu! Mtu hapigi nyumba chokaa kama hakuna mgeni anayekuja.

— Ni nani huyo mwali? Saidy aliuliza huku akimimina. Wa Ruaruke? Wa Chumbi?

— Hakuna mwali.

— Anayekataa upesi ndiye mwenye jambo, alisema Mzee Abdurahmani. Huyu aliwahi kuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, kwa hiyo wanamwita Hakimu, na tabia ya kutoa hukumu kabla ya ushahidi haijamtoka. — Lakini tusimhukumu kabla hatujaijua hiyo dawa. Satelaiti, hebu tueleze. Seli shina ndiyo nini?

Satelaiti ni Feisal, kijana wa bodaboda ambaye simu yake hupumzika akilala tu, na pengine hata hapo haipumziki.

— Wazee, iko hivi. Mwili mzima umejengwa kwa seli, vitu vidogo kinoma, huvioni kwa macho. Nyingi zina kazi moja. Ya ngozi inabaki ya ngozi, ya damu inabaki ya damu. Sasa hizi za shina bado hazijachagua kazi. Zenyewe zinazaa nyingine. Ukikatwa panga jeraha likafunga, kazi yao hiyo. Ukizeeka na zenyewe zinachoka, ndio hayo makunyanzi.

— Hazijachagua kazi? Saidy alisema. Kama vijana wa stendi.

— Cheka tu. Hospitali kubwa wanatibia magonjwa ya damu. Mtu aliyeungua vibaya wanaweza kumwoteshea ngozi. Ila hii ya kumfanya mzee arudi kijana, nimesoma mie, wanasayansi wenyewe bado wanabishana. Na krimu ya kwenye kopo, seli gani itaishi humo? Kamba tu wa delta bila barafu hafiki Mbagala.

Neno la kweli pale Kwa Pancha lina kasoro moja, halina utamu. Waliliacha lipite.

— Wanabishana kwa kuwa hawana kahawa, Hakimu alikata shauri. Wahenga walishamaliza. Ngozi ivute ili maji. Ya Konda imekwisha kukauka, watavuta nini?

— Na samaki mkunje angali mbichi! Iddy alidakia.

— Konda anataka kukunjuliwa, weye unaleta habari za kukunja, Saidy alimkatiza.

— Methali ni methali.

Haidari hakucheka. Alikuwa na swali, na aliliuliza taratibu asije akaonekana ana haraka.

— Feisal, hizo seli wanazipata wapi?

— Sehemu nyingi, mzee wangu. Hata mwilini mwako zimo. Ila wanazisifu sana za kitovu. Damu ya ukamba wa kitovu cha mtoto mchanga. Huko kwa wenzetu wengine mtoto akizaliwa wanaihifadhi kwenye barafu, akija kuugua mbele ya safari aikute.

Benchi lilinyamaza. Ukimya wa namna ile Kwa Pancha ni hatari, maana huwa mtu anapata wazo.

— Wanahifadhi? Hakimu alisema polepole. Wanahifadhi! Na siye je? Kitovu cha mtoto kikidondoka bibi zetu walikuwa wakikifanya nini? Wanakizika. Juu yake wanapanda nini? Mnazi. Mnazi wa nani? Wa mtoto mwenyewe. Mtu mzima anajua mnazi wake mpaka anakufa. Mlidhani bibi zetu walikuwa wanacheza?

— Kwa hiyo... Saidy alisahau kumimina.

— Kwa hiyo seli zako zimo mnazini. Mizizi imezila, zimepanda juu, zimeingia kwenye dafu. Naamua hivi. Mtu anywe madafu ya mnazi wake mwenyewe. Ya mwenziwe hayamfai.

— Mzee Hakimu, Feisal alianza, sayansi haiendi hivyo...

— Kesi imefungwa.

— Ngojeni, alisema Iddy, na uso wake ulikuwa umeingia hofu. Mie mnazi wangu nilipasua mbao. Nikachonga kitanda.

— Kiko wapi hicho kitanda?

— Ndicho ninacholalia!

— Haya! Miaka yote hiyo unalalia seli zako mwenyewe. Ndiyo maana kwa umri huo bado unaposa.

— Wangu uko Umwe, Saidy alisema kwa sauti ya msiba. Mjomba anaugema tembo.

— Astaghfirullahi! Basi ujana wako kijiji kizima kimeulewa.

Kicheko kilichopigwa hapo kilimtoa fundi pancha bandani na tairi mkononi, akidhani kuna ajali. Saidy mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la kikoi. Haidari peke yake ndiye aliyekuwa anatazama ndani ya kikombe.

— Na wako, Konda? Iddy aliuliza. Uko wapi tukauangue?

Mnazi wa Haidari ulikuwa delta, nyuma ya jiko la mama yake, hatua chache kutoka ukingoni mwa mto. Miaka ile yeye yuko Dar, majirani walimsimulia kwamba Bi Sikudhani akiosha vyombo maji alikuwa akiyamwagia mnazi ule, na kila akimwaga husema, kunywa mwanangu. Watu wakamzoea. Ikaja mvua ya mafuriko, mto ukahama njia yake, ukazila kingo, ukalichukua jiko, ukachukua na mnazi. Bibi aliletwa Kibiti kwa mtumbwi na kisha kwa gari, na walioongozana naye walisema nyumba hakuililia, aliulilia mnazi. Ni tangu hapo akili yake ilipoanza kuteleza.

— Mto uliuchukua, Haidari alisema.

— Si neno, alisema Hakimu. Mama yako hajambo? Basi tutampandisha chombo, atuonyeshe palipokuwa. Maji yakipwa tutachimba mizizi. Mama hasahau alipozika kitovu cha mwanawe.

— Mama hanijui.

Hakupanga kulisema, lilimtoka lenyewe. Likishatoka moja mengine hayazuiliki, akawaeleza yote: uji, khanga ya pili, swali la kila siku, na lile jibu la kila siku. Akawaambia kwamba amekwisha kupata mtu wa kununua shamba lake la mikorosho, asubuhi wanaonana wamalizane, kisha aende gesti na hizo hela kabla gari jeupe halijaondoka. Saidy alimjazia kikombe bila kuulizwa.

— Tusamehe, ndugu yetu, Iddy alisema. Siye tulidhani mwali.

— Hao watu wamekuahidi nini hasa? Feisal aliuliza.

— Uso utarudi nyuma miaka thelathini.

— Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Hautarudi. Watakupaka, watakuchoma sindano, utavimba siku mbili tatu, watakuwa wameshafika mkoa mwingine. Na shamba ndio basi tena.

— Ukirudi nusu je?

— Hautarudi hata nusu.

— Kidogo tu, Feisal. Uso urudi siku moja. Aniangalie, aniite Haidari mara moja tu, mie nimwitikie labeka. Kesho yake ukinyauka na unyauke.

Kijana aliinamisha kichwa. 

Hapo kijiwe kikafanya kile ambacho kijiwe hufanya mwenzao akiumia, kikachukua mzigo wake kikaanza kuuvuruga. Hakimu alitoa amri kwamba shamba haliuzwi, uso utatengenezwa pale pale benchini. Iddy akasema yeye ubao mkuukuu anaupiga msasa, anaupaka vanishi, na mteja anaapa ni mpya, sasa ngozi ina nini? Saidy akatoa masimbi ya kahawa, yale yanayobaki chini ya birika, eti yanang'arisha. Mwingine akadai piko nyeusi kichwani ifunike mvi, mwingine akataka suruali pana za zamani, zile za kufagilia barabara.

— Kuna kitu kwenye simu, Feisal alisema. Ukipigwa picha inakurudisha utotoni. Tujaribu, hakuna hasara.

Alimpiga Haidari picha, akabonyeza mara mbili tatu, akaigeuza simu. Benchi zima lilipiga ukelele.

— Ndiye! Hakimu aligonga goti. Konda wa enzi zile!

Haidari aliishika simu kwa mikono miwili. Kijana alikuwa mweusi, uso laini, macho yanacheka. Alimtazama kwa muda mrefu, maana alimtamani yule kijana kama mtu anavyomtamani ndugu aliyezama. Kisha akaisogeza karibu. Shavu lilikuwa limesawazishwa lote. Kishimo hakikuwepo. Simu ilikidhani kunyanzi, ikakifuta.

— Si mimi huyu, alisema, akairudisha.

— Basi nimepata! Hakimu alisimama, jambo analolifanya kwa hukumu kubwa tu. Bibi anamtaka nani? Kijana mweusi, uso laini. Feisal ni nani? Kijana mweusi, uso laini. Haba na haba hujaza kibaba! Aingie leo hii, apige magoti, aseme mama, nimerudi. Bibi atafurahi, na shamba litabaki.

— Na mie nina kishimo, Feisal alisema bila kufikiri, akatabasamu kuonyesha. Kweli alikuwa nacho.

Kwa kitambo kidogo wote waliliona linawezekana, hata Haidari. Aliiona nyumba, mkeka, mama yake kanyoosha mikono. Akaiona mikono ile imeshika kichwa cha Feisal, inakipapasa, na jina linatoka, Haidari, Haidari, na yeye mwenyewe yuko mlangoni na bakuli la uji. Wivu ulimpanda ghafla akaona haya.

— Hapana, alisema. Hilo hapana.

— Mzee mzima unamwonea wivu mtoto? Iddy aliuliza.

— Hapana nimesema!

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa benchini kwa kitambo. Aliitwa Nasra, ametoka Ruaruke na ndoo ya kamba wakavu anapeleka sokoni, na bodaboda iliyomleta ilikuwa imepata pancha. Walikuwa wamempisha nafasi wakamsahau. Alikuwa amekunywa kahawa yake akisikiliza tangu habari ya minazi, na kila mara akichungulia bandani kuona tairi limefika wapi.

— Samahani kaka zangu, alisema. Si maneno yangu haya, lakini nimeshasikia. Huyo mama, wewe kaka unayemlea, anakuitaje?

— Mzee wangu. Ndivyo anavyoniita.

— Na anakupenda huyo mzee wake?

Swali hilo Haidari hakuwahi kuulizwa, wala mwenyewe hakuwahi kujiuliza. 

— Juzi nilikwenda mazikoni Chumbi, akajibu. Nilichelewa kurudi. Jirani akamletea chakula, akakisukuma. Nilimkuta kakaa kizingitini na fimbo yake, baridi inampiga. Akanigombeza. Akasema mzee wangu, ulikuwa wapi, mie nitalalaje hujarudi? Akaniombea dua. Akasema mwanangu Haidari akija nitamwambia ulivyonitunza, akuheshimu kama baba yake.

 Saidy alijifanya anachochea mkaa.

— Sasa mie nauliza tu, Nasra alisema. Hao wa gesti wakikufanya kijana, au huyu kaka wa bodaboda akijifanya wewe, sawa, mwana karudi. Usiku ukiingia, mama akisema mzee wangu yuko wapi, mbona hajarudi, mtamjibu kaenda wapi?

 Hakimu, aliyekuwa bado amesimama, aliketi. Iddy alimtazama Hakimu, Feisal akaitazama simu, na ndani ya banda pampu ilikuwa inavuta pumzi na kutoa. Nasra hakuwa na nia ya kumfunga mtu mdomo, alikuwa anataka jibu kweli, akawageukia mmoja baada ya mwingine akingoja. Kisha fundi akaita kwamba tairi tayari, Nasra akajitwika ndoo yake, akaaga.

Haidari alikuwa bado na hamu ile ile. Haikupungua hata chembe. Alijua kwamba akifika nyumbani ataulizwa tena habari za kijana mwenye kishimo, na itamuuma palepale ilipomuuma jana. Aliweka kikombe chini, akavaa kofia yake.

— Feisal, washa pikipiki. Tupite kwa yule wa mikorosho nimwambie asihangaike kuja asubuhi. Halafu unifikishe nyumbani upesi.

— Upesi ya nini, Konda? Saidy aliuliza. Magharibi bado, na birika lina kahawa.

— Mama hatakula, alisema Haidari akipanda, mpaka anione.